Mama Adolphine wa Baraka na Sufuria ya Wanaonyonyesha

Alizaliwa Lubondja, katika nchi ya Fizi, mwaka 1961, Adolphine Wabiwa, binti wa walima mihogo na karanga, na akabatizwa kabla meno hayajaota. Mama yake alimnyonyesha katikati ya shamba, huku anatafuna karanga mbichi alizong'oa kwa mkono wa pili, na mtoto akanenepa mpaka wapita njia wakasimama kumtazama. Hakuna aliyeona ajabu hapo. Ajabu ilikuja baadaye, watu walipofikiri ni nani Mungu alimchagua, na akamchagulia mahali gani pa kuanzia: kifuani kwa mama aliyeshiba. Shule aliiacha katika mwaka wa nne, baba yake alipokufa. Kanisa halijatamka neno juu yake, na maandishi haya hayalitangulii Kanisa. Yanafuata tu kinywa cha watu wa Fizi na Baraka, ambao wenyewe hawakungoja ruhusa ya mtu ili kumwita mtakatifu.

Mwaka 1979 aliolewa Ubwari, rasi ya ziwani, katika kijiji ambacho ukitaka kukifikia unapanda mtumbwi, na mume wake alikuwa mvuvi, jina lake Déogratias, mtu mpole asiyejua kubishana na mama yake. Nyumba ile ilikuwa na mwiko wake. Nyumba za jirani hazikuwa nao, lakini ile iliushika sana: mwanamke anayenyonyesha haonji samaki wa wavu wa mume wake, kwa sababu walisema maziwa ya kifuani na samaki wa majini wanachukiana, na wavu utafungwa, usishike kitu. Basi Adolphine alipojifungua mtoto wa kwanza, Ketsia, alikaa ufukoni tangu asubuhi akipasua mikeke, samaki wa ziwa lile, na kuianika, mikono yake ikinuka samaki mpaka viwikoni, na jioni alipewa bugali wa mihogo na maji ya chumvi yenye mawese juu. Alikonda. Kazi ilimtenga na mtoto mchana kutwa, na mtoto aliyekosa titi alilia. Mama mkwe, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamkorogea maji ya unga wa mihogo kwenye kikombe. Tumbo la mtoto likafunguka. Katika kiangazi cha mwaka 1981 Ketsia alizikwa, na samaki walikuwa wamejaa kwenye vichanja pande zote za nyumba.

Watu walisema, Mungu ametwaa. Adolphine hakubishana na Mungu. Lakini Jumapili moja alisikia kanisani habari ya yule binti ambaye Bwana alimfufua kitandani, na jinsi Bwana, baada ya kumwinua, alivyowaamuru wazazi wampe chakula. Wengine walikwisha kuisikia habari hiyo mara nyingi. Yeye alisimama katikati ya ibada, akatoka nje, akakaa kwenye mchanga na kutetemeka. Déogratias alimfuata, akadhani ni homa.

"Bwana alimwamusha mutoto," Adolphine akamwambia, "kisha akafikiri chakula. Sisi tunamuombaka aamushe bantu, na chakula tunasahau. Déo, mutoto wetu hakuuawa na Mungu."

Siku hiyo aliitwa. Hapakuwa na sauti kutoka mawinguni, na yeye mwenyewe hakudai kamwe kwamba alisikia sauti.

Alipojifungua mtoto wa pili, Wilfried, mitumbwi iliporudi asubuhi alikwenda ufukoni na mtoto mgongoni, akachukua samaki kutoka katika wavu wa mume wake, akamchoma hapo hapo, akala mbele ya wavuvi wote. Mama mkwe alikuja mbio, kitambaa kikimwanguka kichwani.

"We binti! Unataka kutufungia wavu? Unataka tule nini, mawe?"

"Mama," Adolphine akajibu, na mdomo ulikuwa bado umejaa, "wavu ukirudia mutupu kesho, mutaniingiza mi mwenyewe ndani, muniuzishe Baraka kwa kilo."

Wavuvi walicheka mpaka mmoja akaanguka majini. Kesho yake samaki walikuja kama walivyokuwa wakija, si wengi wala si wachache. Kila mmoja wa walioona alikuwa anawahesabu moyoni watoto wa nyumba ile waliokwisha kuzikwa. Jioni mama mkwe alimletea Adolphine kichwa cha mukeke kwenye sahani, akaiweka chini, akalia.

Vita vya mwaka 1996 viliwatupa ng'ambo ya ziwa, kwenye kambi za Kigoma. Huko Déogratias alikufa kwa homa, na huko Adolphine alijifunza kwa muuguzi mmoja, Élie, ambaye aliwakusanya wanawake na kuwafundisha bila kuchoka. Aliwaambia kwamba maziwa yanaitwa na kinywa cha mtoto: anavyovuta mara nyingi ndivyo yanavyokuja, na mama aliyekonda naye anaweza kunyonyesha. Lakini mwili wa mama unatoa kwanza kwa mtoto, wenyewe unabaki na mabaki, kwa hiyo lazima alishwe, anyweshwe na apumzishwe, la sivyo ataanguka yeye, na mtoto ataanguka juu yake. Adolphine alimsikiliza Élie kama mtu anayesikiliza Injili. Baadaye, kila aliposifiwa, alisema: "Mi sina akili hiyo. Ni ya muganga Élie. Mi niko na sufuria tu."

Alirudi mwaka 2007, akakaa Baraka, karibu na ufuko. Hapo alisimamisha sufuria kubwa juu ya mafiga, kwa ajili ya kila mwanamke anayenyonyesha asiye na mtu wa kumpikia. Waliolima walileta maharagi na mboga za lengalenga. Waliotwanga sombe, majani ya mihogo, walitia karanga ndani. Wenye kuku walileta mayai, ambayo zamani yalifichwa kwa ajili ya wageni. Na wavuvi, mitumbwi ilipofika, walitupa ndagala, wale samaki wadogo, kwenye beseni lake kabla ya kuuza, wakisema, "Ya bamama hii!" Kuna waliomletea kasiksi, maana wengi waliamini pombe ya ndizi inavuta maziwa. Aliimwaga chini. "Kasiksi inaleta usingizi," alisema. "Ukitaka kuleta kitu, leta maji yenye kuchemuka." Hakumpa mtu sahani na kumwacha. Alikaa naye, akamshikia mtoto, akamngoja amalize, na mama mwenye haya ya kula mbele ya watu alimtania mpaka akasahau haya yake. Waliopita pale wanasema uliona wanawake wamekaa kivulini mwa ukuta, kila mmoja na mtoto kifuani na kijiko mkononi, na moyo wako ulitulia kama umeingia kanisani.

Kisha likaja jaribu. Mwaka 2020 nyumba zilichomwa milimani, na nyumba zilichomwa chini pia, na kila upande, wafugaji wa milimani na watu wa chini, ulilia wafu wake. Kundi la familia za wafugaji lilishuka, likawekwa katika darasa moja tupu nje ya mji. Kati yao alikuwa Bazubagira, mwanamke kijana, Mprotestanti, ambaye ng'ombe wake walipotea na mume wake alibaki nyuma akiwatafuta. Alikuwa na mtoto mchanga, Nishimwe. Kwa njaa na woga alidhani kifua chake kimekauka, akaacha kumweka mtoto kwenye titi, akawa anamdondoshea maji ya sukari. Na mtoto alikuwa anaisha. Wasamaria wema waliwaletea chakula, lakini walio darasani hawakukigusa, kwa kuwa walikuwa wameambiwa watu wa chini watawawekea sumu.

Adolphine alipoipata habari hiyo, alianza kuosha sufuria. Ndipo akaja Nicolas, mdogo wa marehemu mume wake, kiongozi wa wavuvi waliomjazia beseni. Nyumba yake ya njia ya Lulimba ilikuwa imechomwa mwezi uleule.

"Shemeki," akasema, "ukipeleka sufuria kule, wavu wangu hautakupa tena hata ndagala moja. Banatuchomea nyumba, we unabapikia?"

"Shemeki Nicolas, ule mutoto njo alichoma nyumba yako?"

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshe. Minakuuliza. Ana meno ya kushika kiberiti?"

Nicolas aligeuka akaenda, na neno lake alilishika. Basi Adolphine alipika bila samaki, na pia alijua kwamba watu wa Bazubagira, walezi wa ng'ombe tangu mababu, hawali samaki; kwao samaki anachafua maziwa ya ng'ombe na nyumba nzima. Alipika maharagi, lengalenga na karanga. Aliyemsaidia alikuwa Fanny, jirani mwenye huruma kubwa na subira ndogo. Fanny alisikia kwamba mtoto anakufa, akafikiri kwamba sufuria isiyo na samaki haina nguvu. Adolphine alipokwenda kuvaa, Fanny alitwanga ndagala kavu za nyumbani kwake mpaka zikawa vumbi, akazikoroga ndani, akafunika.

Walifika darasani mchana. Bazubagira alikuwa ameketi ukutani, mtoto magotini, na kilio cha mtoto hakikuwa tena kilio, kilikuwa pumzi yenye sauti kidogo. Watu wote walimtazama Adolphine. Akafanya kama desturi inavyotaka kwa anayeleta chakula mahali penye hofu: alichota, akaonja yeye wa kwanza. Na ulimi ukamwambia kuna samaki. Akasimama na kijiko mkononi. Darasa zima likaganda, kwa kuwa kila mmoja alifikiri sumu.

Fanny alimvuta nguo. "Yaya, mukubwa wangu, nyamaza," akanong'ona. "Ni mi niliweka. Meza tu. Hata kujua hatajua, na mutoto anakufa."

Ndugu waamini, pimeni saa ile. Angenyamaza, mama angekula, na hakuna mtu duniani angemlaumu. Angesema, na huenda mama angekataa, na watu wangetoka nje wakipiga kelele kwamba wametegewa sumu. Mtoto alikuwa hapo, karibu kama mkono na mkono. Adolphine alimeza alichoonja, akapiga magoti mbele ya Bazubagira.

"Binti yangu, sumu hakuna, nimekula mbele yako. Lakini humu muko ndagala. Mi sikujua, sasa najua. Najua kwenu hamukulake samaki. Kama unakataa, nitarudia mbio kupika ingine. Nilikuja kukulisha, sikuje kukudanganya."

Mwanamke mzee wa familia yake akapiga kelele, akageuza uso ukutani. Bazubagira hakugeuka. Alimtazama Adolphine, machozi yakishuka.

"Mama," akasema kwa Kiswahili chake cha milimani, "tangu tulishuka, kila mutu anatudanganya na bongo. Bale ba kutupenda na bale ba kutuchukia. We njo wa kwanza kuniambia kweli." Akanyoosha mkono. "Leta. Ng'ombe zangu haziko tena. Samaki atachafua nini?"

Akala. Adolphine akala pamoja naye katika sahani moja. Kisha akamfungua kifua, akamlaza Nishimwe ngozi kwa ngozi, na mtoto hakuwa na nguvu ya kuvuta. Wakamjaribisha upande huu, wakamjaribisha upande ule. Adolphine hakurudi kwake. Alibaki darasani, akimwekea mama maji, akimwamsha ale, akimrudisha mtoto kwenye titi kila alipofungua mdomo, huku akimgombeza: "We mutoto, fanya kazi! Mama yako anakula ju yako, na we unalala kama shefu wa kijiji!" Bazubagira alicheka, mara ya kwanza tangu milimani. Muuguzi wa kituo cha afya naye alikuja, akampima mtoto, akasema waendelee hivyohivyo. Na siku ya soko, watu wakiwa wengi barabarani, lilisikika darasani jambo dogo kabisa: mtoto anameza. Walionyamaza kusikiliza walisema hawajasikia wimbo kama ule. Yule mwanamke mzee aligeuka kutoka ukutani, akaja kuinama juu ya mtoto, akaweka sikio, akamwita Mungu kwa lugha yake.

Nicolas hakuleta ndagala msimu ule wote. Sufuria ilipikwa kwa karanga na maharagi yaliyotoka Lubondja, mengine kwa kichwa, mengine kwa baiskeli, na wanawake wa milimani wakaketi kivulini pamoja na wale wa ziwani. Hakuna aliyeweza kueleza jinsi ilivyotosha.

Mama Adolphine alilala katika Bwana mwaka 2023, kwa ugonjwa wa kifua, nyumbani kwake Baraka. Padri alipomuuliza kama kuna neno linalomlemea, alisema, "Fanny asigombezwe. Alipenda mutoto." Kwenye matanga, kama ilivyo desturi, wanaume wakubwa walikuwa wameketi mbele wakingoja chakula. Nicolas alifika na beseni la ndagala kichwani, yeye mwenyewe, kiongozi wa wavuvi. Akawapita wanaume, akawapita hata mapadri, akaliweka mbele ya wanawake wanaonyonyesha, na wa kwanza aliyemwekea sahani alikuwa Bazubagira, aliyekuwa amejifungua tena. Nishimwe alikuwa anakimbia kati ya sufuria na kila mtu anamfukuza moto usimchome.

Tangu hapo wengi wanasimulia maajabu. Kambini mwa wachimba dhahabu, huko Lulimba, mwanamke aliyetupwa na mume wake pamoja na mtoto mchanga alimwomba Adolphine, na kabla jua halijatua wanawake wasiomjua walimletea maharagi, mayai na maji, wakakaa naye mpaka mtoto akashika titi. Kuna wanaouliza: muujiza uko wapi hapo, kama ni jirani tu walioleta chakula? Anayeuliza hivyo hajakaa Lulimba, mahali ambapo mgeni hapewi hata maji bure.

Basi, mwamini unayetaka kumheshimu mama huyu, mshumaa wako ungoje kidogo. Nenda kwanza jikoni kwako, ufunue sahani ya yule anayenyonyesha, uangalie ndani. Ukikuta ni bugali peke yake, bado hujaanza kumwomba Adolphine.