Mama Kalibu na herufi moja iliyozisimamisha zahanati tisa

Saa mbili na robo asubuhi, Mama Kalibu anavua viatu chini ya meza, anavisukuma kwa kisigino, kisha anabonyeza kitufe kimoja cha kompyuta na kukunja mikono. Kwenye kioo cheusi mistari myeupe inaanza kupanda. Mwandishi wa makala haya anafungua mdomo kuuliza swali la kwanza, anazuiwa kwa kidole.

"Subiri kwanza. Tofali linakauka."

Hakuna tofali chumbani humo. Kuna meza tatu, feni inayolia kila inapogeukia dirishani, birika la umeme ambalo kifuniko chake kimefungwa kwa waya, na barua iliyobandikwa ukutani. Barua inasema kwamba Ijumaa ijayo saa nne asubuhi afike mbele ya jopo la watu watano, aeleze kazi yake kwa mdomo kwa dakika ishirini. Akifaulu, anaajiriwa moja kwa moja. Asipofaulu, mkataba wake unaisha mwezi huohuo na hautaongezwa.

Ana miaka thelathini na minane na mabinti wawili. Miaka mitatu sasa anafanya kazi kwa mikataba ya miezi sita sita, akipokea nusu ya anachopokea mwajiriwa wa kudumu wa ngazi yake. Kila mkataba unapokaribia kwisha, hulala na kuamka na wasiwasi.

"Kompyuta hainitishi hata kidogo," anasema, macho yakiwa bado kwenye mistari. "Huu mdomo ndio unaonitia tumbo joto."

Kuhusu mdomo tutafika. Kwanza hilo tofali.

Ofisi yake inahudumia zahanati tisa. Kadi ya mgonjwa, chanjo ya mtoto, dawa zilizobaki stoo, vyote huandikwa kwenye kompyuta za kukodi ambazo hakuna mtu ofisini aliyewahi kuziona kwa macho. Ziko mbali, kwenye wingu kama wanavyosema wenyewe, na hufikiwa kwa mtandao. Kila Jumapili zile za zamani hufutwa, mpya zikawashwa mahali pake, taarifa za wagonjwa zikiwa zimehifadhiwa salama pembeni.

Zamani kuandaa moja tu ilikuwa kazi ya siku mbili. Fundi aliketi akaweka programu moja baada ya nyingine kwa mkono, akarekebisha saa, akafunga milango ya mtandao isiyotakiwa. Zikitoka mashine sita, zilikuwa na tabia sita. "Hii inakubali, ile imenuna. Ukiuliza kwa nini, hakuna anayekumbuka alifanya nini siku ile," anasema.

Mama Kalibu alichoka. Akajifunza, kwa miezi mitatu, kutumia programu inayofanya kazi hiyo yenyewe. Kazi yake yeye ni kuandika faili moja la maelekezo: anzia wapi, weka nini, ondoa nini, na mwisho uipe jina gani. Programu husoma faili, hukodi mashine tupu, huivisha kila kilichoandikwa, hufuta funguo za siri na takataka za kazi, hunakili mashine nzima kama ilivyo, halafu huitupa ile ya mwanzo. Inayobaki ni nakala. Kutoka kwenye nakala hiyo unaweza kuwasha mashine moja au arobaini, zote pacha. Siku mbili zimekuwa dakika kumi na tisa.

Mafundi wenzake huiita nakala hiyo imeji. Yeye alikataa.

"Imeji ya nini? Kwetu kitu hicho kina jina lake. Ni kalibu."

Baba yake alikuwa fundi matofali. Alikuwa na kalibu ya mbao, kisanduku kisicho na mfuniko wala kitako, alichokijaza udongo, akashindilia, akainua, tofali likabaki chini. Matofali mia tatu kwa siku, na watoto watano wakasoma kwa udongo huo. Binti huyu ndiye aliyekuwa akibeba maji ya kukorogea kabla ya kwenda shule, na neno kalibu alilijua kabla hajajua kuandika jina lake.

Balaa lilikuwa shuleni. Tangu utotoni, r katika kinywa chake hugeuka l. Kwao wote husema hivyo na hakuna anayeshtuka. Alipokuwa na miaka tisa alichaguliwa kuwakaribisha wageni wa shule. Alisimama mbele ya watu, amepakwa mafuta mpaka anang'aa, akasema kwa sauti: "Kalibuni wageni wetu!"

Shule nzima ikavunjika mbavu. Mpaka mgeni rasmi alificha mdomo kwa leso. Tangu siku hiyo akaitwa Kalibu, na alipozaa akawa Mama Kalibu. Sasa huitika bila kinyongo, lakini kusimama mbele za watu aliapa kuwa basi. Ameomba maneno yake katika makala haya yaandikwe kwa tahajia ya kawaida. "Ila hilo moja liache lilivyo," akaonya.

Basi mtu huyo huyo, mkuu wake wa kazi akatokea kuwa mwalimu wa lugha.

Mkuu wa kitengo alifundisha sekondari miaka kumi na mmoja kabla ya kuhamia kwenye kompyuta, na ofisi nzima bado inamwita Ticha. Ni mrefu, mpole, hana makuu. Ugonjwa wake ni mmoja tu: hawezi kuona kosa la tahajia akalipita. Kalamu nyekundu haitoki mfukoni mwake. Tangazo la kwenye mlango wa choo amelisahihisha mara mbili.

Miezi sita na nusu iliyopita, kalibu namba sita ilikuwa kazini, na ilikuwa na kasoro. Kila mashine huandika kumbukumbu za kila inachofanya, na namba sita ilisahau kuzipunguza. Kumbukumbu zilijaa taratibu. Wiki ikiwa ya kawaida, Jumapili ilifika kabla hazijafurika. Mama Kalibu aliiona kasoro hiyo mapema, akairekebisha, akaandika namba saba. Kabla ya kuiachia, kama ilivyo desturi ya ofisi, alimpa Ticha faili alipitie, kazi ambayo hadi namba sita ilifanywa na fundi mwingine.

Ticha akalipitia. Namba saba ikatengenezwa, ikajaribiwa, taa zote kijani. Watu wakanywa chai.

Wiki tatu baadaye ikaja wiki ya chanjo. Jumanne saa tatu asubuhi, zahanati zote tisa zikasimama kwa mpigo. Kadi hazifunguki, dawa hazionekani. Wauguzi wakarudi kwenye kalamu na karatasi, na foleni za akina mama wenye watoto mgongoni zikatoka nje mpaka barabarani. Muuguzi mmoja alipiga simu akilia kwa hasira: alikuwa amemrudisha nyumbani mama mmoja kwa mara ya pili, kwa sababu hajui mtoto alichomwa sindano ipi mwezi uliopita na anaogopa kubahatisha.

Ofisini hapakukalika. Mashine zilikuwa zimejaa kumbukumbu kwa wingi wa kazi ya wiki hiyo, kosa lilelile ambalo Mama Kalibu alisema amelimaliza. Mkurugenzi akashuka mwenyewe kutoka ghorofa ya juu. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotisha.

"Ulisema umerekebisha."

"Nimerekebisha, mzee."

"Sasa hiki ni nini?" Kisha, akigeuka kuondoka: "Mkataba wako unaisha Ijumaa. Sioni sababu ya kuuongeza."

Unga ndio huo unamwagika. Mama Kalibu anasema hakumkasirikia mkurugenzi hata kidogo. "Nilimwamini," anasema, na hapa sauti inashuka. "Maisha yangu yote nikiambiwa umekosea, najua ni kweli nimekosea. Nikajua tu, kuna mahali nimeandika l badala ya r."

Akasoma maelekezo yake mstari kwa mstari, mara nne. Yalikuwa sahihi. Akatoka hadi kwenye ngazi za nyuma, akaketi, akampigia baba yake. Mzee ana miaka sabini na mmoja, magoti yamegoma, na kuhusu wingu hajui lolote. Binti akamweleza kwa lugha anayoijua: Baba, nilinyoosha kalibu, lakini matofali bado yanatoka yamepinda.

Mzee akauliza:

"Una kalibu ngapi hapo?"

"Mbili. Ya zamani na mpya."

"Na una hakika uliyoishika mkononi ni ile mpya?" Akacheka. "Mimi niliwahi kufyatua asubuhi nzima kwa ile mbovu, mwanangu. Zilikuwa zinafanana. Mama yako alinisema wiki nzima."

Mama Kalibu anasema hakumbuki kama aliaga. Alirudi mezani akiwa peku, akaingia kwenye mashine mojawapo iliyokwama, akaiuliza imetokana na nakala ipi. Ikajibu: kalibu, namba sita.

Haki ya Mungu, namba sita! Wiki tatu nzima walikuwa wakifyatua kwa kalibu mbovu. Akafungua orodha ya nakala zote. Namba saba ilikuwepo, nzima, safi, haijaguswa. Ila jina lake lilikuwa "karibu".

Kwa r.

Programu inayowasha mashine kila Jumapili imeagizwa jambo moja: chukua nakala mpya kabisa yenye jina la kalibu. Iliangalia orodha, ikaiona karibu, ikaipita kama mtu asiyemfahamu, ikachukua namba sita. Haikulalamika, maana haikuona tatizo.

"Machozi yakaanza kunitoka," anasema Mama Kalibu. "Nikajua ni mimi. Nimejikaza miaka yote niseme r, sasa vidole vimejikaza vibaya, vimeiweka pasipotakiwa. Nikasema, Kalibu wewe, utakufa na aibu hii."

Lakini mafaili ya kazi hiyo hutunza historia. Kila badiliko lina tarehe, lina mwenye kulifanya, na lina maelezo mafupi. Akaifungua ili aione aibu yake kwa macho. Jina lililoandikwa pale halikuwa lake. Lilikuwa la Ticha, na pembeni, maneno matatu: "Nimesahihisha tahajia tu."

Mama Kalibu alifanya nini? Kwanza alirudisha herufi. Akabonyeza kitufe, akakunja mikono, akasubiri dakika kumi na tisa ambazo anasema zilikuwa ndefu kuliko uchungu wa kumzaa binti yake wa kwanza. Mashine mpya zikawaka. Saa sita kasoro, yule muuguzi akapiga simu tena, safari hii akicheka. Yule mama aliyerudishwa alikutwa bado yupo getini, mtoto wake amechanjwa.

Ndipo akachapa ule ukurasa wa historia, akaupeleka kwenye meza ya Ticha, akauweka, akaondoka.

Ticha mwenyewe anasimulia kilichofuata, akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. "Nilisoma mara tatu. Niliona haya, nikatamani ardhi inimeze. Nilidhani namsaidia. Niliona kalibu, nikasema moyoni, masikini, r zake hizo, ngoja nimsitiri. Hata sikumuuliza! Jioni nikafungua kamusi. Neno lipo. Lina maana yake. Mimi, mwalimu wa lugha."

Alipanda ghorofani, akamwambia mkurugenzi kwamba kosa ni lake, kalamu ni yake. Mkataba wa Mama Kalibu ukaongezwa. Kuomba radhi, mkurugenzi hajaomba mpaka leo, lakini barua iliyo ukutani ina sahihi yake.

Mistari kwenye kioo inasimama. Kalibu namba kumi na mbili imekamilika, na Mama Kalibu anapumua na kutafuta viatu kwa vidole vya miguu. Sasa maswali yanaruhusiwa. Akipata ajira, anasema, ana mpango: kulitoa faili lake bure kwa kila zahanati ndogo isiyo na fundi, na kuwafundisha wauguzi wawili wawili namna ya kulitumia. "Si kazi ya uchawi. Mtu akijua kufuata maelekezo ya dawa, hii anaiweza."

Ila kwanza kuna Ijumaa na watu watano.

Anatoa karatasi mbili mkobani. Ni hotuba yake, ameiandika kwa mkono. Anampa Ticha, na kwa mzaha wenye woga ndani yake anamwambia: "Haya mwalimu, mwaga damu."

Ticha anachomoa kalamu nyekundu, anaifungua. Anasoma ukurasa wa kwanza, anasoma wa pili. Feni inageuka, inalia, inarudi. Hatimaye anaifunga kalamu bila kuandika kitu.

"Hujaona kosa?" anauliza Mama Kalibu.

"Nimeona kalibu kumi na nne," anajibu Ticha. "Zote ziko sawa. Usibadilishe hata herufi moja."

Mama Kalibu anazikunja karatasi taratibu, anazirudisha mkobani. Humo ndani kuna kitu cha mbao, kimepauka, pembe zimelika. Ni kalibu ya baba yake. Mzee ameituma kutoka nyumbani, na Ijumaa atakuwa nje mlangoni, kwenye benchi, na magoti yake.

"Nitaingia, nitasimama, nitasema kalibuni," anasema. "Watacheka. Nitawaacha wacheke mpaka watosheke. Halafu nitaiweka hii mezani, niwaulize: haya waheshimiwa, ni neno gani nimekosea?"