Aliyeziba Pengo la Josho

Harufu ya dawa ya kupe haisahauliki. Ukishaivuta utotoni inakaa puani mpaka uzeeni: kali kama mafuta ya taa, imechanganyika na ngozi mbichi, mavi ya ng'ombe na matope. Mimi leo nina mabucha Igogo na mjini Nyamagana, nina malori yanayobeba ng'ombe kutoka minadani, na nyumba niliyojenga, ukikaa barazani unaliona ziwa lote na mawe yake. Na shule niliishia darasa la tano. Sijisifu. Au basi, najisifu, kwa sababu nimefanya kazi. Lakini vijana wangu wakifungua kopo la dawa ile ili wapulizie mifugo, mimi husogea mbali kidogo. Wao hudhani kifua kinanisumbua.

Kiangazi ninachokikumbuka, pamba ilikuwa imekwisha kuvunwa, na sisi watoto tulikuwa kwa babu kule Misungwi, tunachunga. Tulikuwa mimi na Mabula, mtoto wa marehemu baba mkubwa. Tulilingana umri, lakini ukituweka pamoja ungedhani mimi ni mtoto wake. Alikuwa na mgongo mpana na shingo fupi, na mapaja yake yalichana kila kaptula aliyopewa. Watoto wa kijiji walimwita Gunia. "Gunia, umejaa pamba au pumba?" Yeye anacheka tu. Hakuwa na maneno mengi. Ukimsukuma haendi, na hakusukumi, anakungoja uchoke. Mimi ndiye niliyekuwa na mdomo na miguu ya haraka, na tangu siku hizo nilijua kuwa mwenye mdomo akitembea na mwenye mgongo, halali njaa.

Josho la kijiji lilikuwa la saruji, mfereji mrefu wenye maji ya dawa yaliyomfika ng'ombe shingoni. Siku ya kuogesha, kila boma lilileta kundi lake, ng'ombe wakaswagwa kwenye uwanja wenye ua wa miti, kisha mmoja mmoja kwenye ujia mwembamba mpaka majini. Ua ule ulikuwa na pengo karibu na mdomo wa ujia, kwa sababu watu walikuwa wameng'oa miti wakaenda kupikia. Ng'ombe si mjinga. Akiinusa dawa anageuka, anatafuta pale palipo wazi, na mmoja akipita, makundi ya watu wote yanachanganyika na siku imeharibika. Kwa hiyo penye pengo lazima asimame mtu, na mtu huyo alikuwa Mabula. Sisi wengine tulikaa pembeni, mnyama akisita mbele yake tunamrukia, tunamkamata pembe na pua, tunamwingiza majini. Na desturi ya pale ilikuwa moja: anayetajwa jina ni yule aliyemwingiza ng'ombe. Wazee wangeita "Ngosha!", maana yake mwanamume, na wanawake waliochota maji jirani wangepiga vigelegele. Aliyesimama penye pengo hakutajwa. Nani amewahi kuusifu mti wa ua?

Babu alikuwa na dume mwekundu aliyeitwa Mbogo, ambaye misimu miwili alikuwa amekataa josho na kupe walikuwa wamemla masikio. Siku moja babu akapaza sauti mbele ya watu wote: mtoto wa boma langu atakayemwingiza Mbogo majini, mtamba yule mweusi ni wake. Ninyi wa mjini huenda hamuelewi. Mtoto mwenye mtamba wake ndani ya zizi si mtoto tena. Ana mizizi pale, na atakapogawa mali za mji babu lazima amtaje. Mimi nilikuwa na baba hai. Mabula hakuwa na kitu.

Mbogo alifika kwenye ujia, akanusa, akageuka kama upepo. Watu wazima walitawanyika. Mabula alipanua miguu, akainama chini sana, bega mbele, kama anayetaka kuinua mlango ulioanguka. Niliusikia mgongano ule. Haukuwa na sauti kubwa, ulikuwa kama mtu ametua gunia la mahindi sakafuni. Dume lilisimama, likapiga goti moja. Ndipo mimi nikaruka kutoka pembeni, nikatia vidole puani, nikakamata pembe, na wenzangu wakanisaidia kumvuta mpaka akatumbukia. "Ngosha! Ngosha!" Vigelegele vilifika kwenye majaruba ya mpunga. Nilibebwa juu. Kutoka huko juu nilimwona Mabula amekaa kwenye matope, kidole chake kidogo kimepinda upande usio wake, anatema damu. Aliniuliza jambo moja tu: "Ameingia?"

"Ameingia!" nikamjibu, na nikaendelea kubebwa.

Sikumdanganya mtu, na hilo ndilo linalonitesa. Ningeiba ningetubu, ningelipa, yangekwisha. Mtamba nilipewa kwa haki, kwa desturi, mbele ya mashahidi, na Mabula mwenyewe akashangilia. Mwezi haukuisha, shangazi yetu aliyeolewa na mwalimu wa Bukoba akaja kuaga. Mumewe alikuwa amepata masomo Marekani, wanahama, na alitaka kuchukua mtoto mmoja wa ukoo. Babu hakufikiri sana. "Shija ana ng'ombe wake hapa," akasema, akininyooshea mimi fimbo. "Huyu mwingine hana kinachomfunga." Leo ukisema Marekani kila mtoto anakimbilia mkoba. Mabula alikumbatia nguzo ya lango la zizi, na shangazi akambandua kidole kimoja kimoja, kile kilichopinda kikawa cha mwisho.

Huko wakamwona shuleni, wakampeleka kwenye mpira wao, ule wa kuvaa kofia ngumu, mpira wenyewe umechongoka kama yai. Akafika mpaka kwa wanaolipwa. Mwanza nzima nilitangaza, nani angeninyamazisha? Nilikaa na watu buchani tukimtazama kwenye simu, nikisubiri abebe mpira. Hakuubeba hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuinama mstari wa mbele, kila mchezo unapoanza, na kuziba pengo. Watu wawili wakubwa wanamgonga kwa pamoja, yeye anang'ang'ana nao pale pale, kisha mwenzake mwembamba anatoka nyuma yake, anamwangusha mwenye mpira, na uwanja mzima unalitaja jina la yule mwembamba. Rafiki yangu mmoja akauliza, "Sasa huyu ndugu yako anafanya nini hapo?" Niliizima simu, nikasema chaji imekwisha.

Kiangazi hiki amerudi. Magoti hayakunji vizuri, vidole vimekuwa kama mizizi ya tangawizi, na mwanga wa mchana unamuumiza kichwa. Majina ya wanangu anayauliza asubuhi na kuyauliza tena jioni. Daktari wa kule alimwambia ni migongano ya kichwani, siyo ule mmoja mkubwa, ni ile midogo ya kila siku, miaka yote. Wazee walisema mchumia juani hulia kivulini. Hawakusema kwamba wakati mwingine anayekula kivulini ni mwingine kabisa. Nikamwambia achague ng'ombe, wowote, hata nusu ya zizi. Akacheka. "Nikawafanyie nini, ndugu yangu, hata kamba siwezi kufunga."

Siku ya kupulizia dawa nilimweka kwenye kiti cha plastiki karibu na lango la zizi langu, atazame. Dume moja lilichomoka kutoka kwa vijana, likaja moja kwa moja langoni. Nikamwona Mabula anainuka, anapanua miguu, anainama. Hakuna aliyemwita. Mwili ulikuwa unakumbuka kile ambacho kichwa kilikuwa kimesahau. Sijui nilipita wapi na kitambi changu hiki, nikasimama mbele yake. Niligongwa. Nilianguka kwenye mavi, pumzi ikakatika, na kwa mbali nikasikia wachungaji wakilikamata dume na kulirudisha zizini, wakimshangilia kijana mmoja anayeitwa Deo, "Deo! Deo mwenyewe!" Mimi nilikuwa pale chini, tajiri wa mabucha, hakuna aliyeniangalia.

Uso wa Mabula ukaniinamia, na mdomo wangu ukauliza wenyewe: "Ameingia?"

"Ameingia," akasema, akinipa ule mkono wake wa vidole vilivyopinda. "Lakini umesimama vibaya. Miguu ulibana."

Ubavu uliniuma wiki nzima, na wiki nzima nililalamika, mke wangu akanikanda kwa maji ya moto. Pigo moja. Watu bado wananiita mtu aliyejijenga mwenyewe, na zamani nilikuwa naitikia haraka. Siku hizi nageuka kwanza kumtazama aliyekaa kwenye kile kiti cha plastiki, ambaye ameshasahau kama amekula, na nawaambia wanangu wamletee chakula tena.