Mbio za Kupita Mbele ya Bibi

Jioni ya kuamkia mbio, bibi yangu alinimiminia chai, akanitazama, akauliza, "Mume wangu, kesho nani anakufukuza?"

"Hakuna anayenifukuza, bibi."

"Basi wewe unamfukuza nani?"

"Simfukuzi mtu. Tunaanzia Lushoto mjini, tunapanda huku Magamba, tunazunguka, tunarudi mjini."

"Mnarudi palepale mlipoanzia?"

"Palepale."

Akaniongezea chai, kama mtu anayempa mgonjwa nafasi ya kujieleza zaidi. Katika ukoo wetu mimi ndiye mwenye kuhoji. Nimehoji mahari, nimehoji matanga, na nilipokuwa chuo kikuu niliandika insha nzima ya kuipinga shikamoo, kwamba inamfundisha mtu kujidogosha. Sasa mwenye kuhojiwa nilikuwa mimi, tena kwa swali moja jepesi.

"Haya," akasema. "Nitapanda barabarani nikuone."

Hapo nikaweka kikombe chini. Nyumba ya bibi iko bondeni, chini ya mashamba ya kabichi, na njia ya kwenda barabarani imesimama kama ngazi. Tangu magoti yaanze kumsumbua alikuwa hapandi tena. Hata sokoni alituma watu. Kumbe alikuwa ameshawatangazia majirani. Mmoja wao, mama mwenye ulimi, alimwambia kwamba wasomi ni watu wa kukaa kwenye viti, kwa hiyo nitapita pale nimepakiwa kwenye gari. Bibi akamjibu mbele ya wenzao kwamba mume wake atapita kwa miguu yake mwenyewe.

Asichokijua bibi ni kwamba sikuwa nimejiandaa. Nilipojiandikisha kwa hiyo nusu marathoni, nilipata mtandaoni ratiba ya mazoezi ya wiki nyingi, nikaitilia shaka. Nani kaithibitisha? Mbona walioiandika ndio hao hao wanaouza viatu? Nikajijengea hoja yangu: nimekulia milimani, nilikuwa nikipanda na kushuka kwenda shule na jembe begani, kwa hiyo miguu inaijua kazi yake. Ilikuwa hoja nzuri. Kasoro yake ni kwamba miguu hiyo ilikuwa imekaa chini ya meza Dar es Salaam miaka kadhaa, na mazoezi yote niliyoyafanya yalikuwa kukimbia mara chache ufukweni, hadi pale wanapouza mihogo.

Mlima wa kwanza uliimaliza hoja yangu kabla hatujaziacha nyumba za mjini. Tulianza na ukungu, kila mtu akicheka. Mimi nilianza kwa kasi, maana kwetu ni hapa na wageni walikuwa wanatazama. Baada ya kona chache wageni walikuwa mbele, nami nilikuwa nazitazama soksi zao.

Kisha zikaja salamu. Mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya gunia la viazi kando ya barabara, akisubiri usafiri. Pumzi niliyokuwa nayo ilikuwa ya kuhesabu, kwa hiyo nikaamua kumpungia mkono tu. Nyuma yangu nikamsikia akimwambia mwenzake, bila hata kupaza sauti, "Huyu si mjukuu wa yule bibi wa bondeni? Siku hizi hawasalimii?"

Ningeweza kuendelea. Lakini nilijua habari hiyo ingemfikia bibi kabla yangu. Nikageuka, nikateremka mlima nilioupanda kwa taabu, nikainama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hujambo? Bibi hajambo?"

"Hajambo."

"Na magoti?"

"Yanaendelea."

"Msalimie sana. Haya, kimbia, wenzako wamekuacha."

Kuanzia hapo sikuthubutu tena. Mama mwenye tenga la karoti, shikamoo. Wazee waliotoka msikitini, shikamooni, na kila mmoja aliitikia kwa wakati wake. Wakimbiaji wa Dar walipita wameziba masikio kwa muziki, na hakuna aliyewalaumu, kwa sababu pale hawakuwa wajukuu wa mtu.

Nyuma kabisa ya wakimbiaji kulikuwa na gari dogo la mizigo. Kazi yake ilikuwa kuwazoa waliochoka: likikufikia, unapanda, na mbio zako zimeishia hapo. Nilianza kulisikia nilipokuwa kwenye msitu wa Magamba. Lilikuwa linakuja polepole, kwa upole wa kuudhi, likinguruma kila kona. Nyuma yake tayari walikuwa wameketi watu wawili wamejifunika mataulo. Mmoja akaniita, "Kaka, njoo, huku kuna ndizi." Nikaomba miguu inifikishe tu kwenye kona ya bibi. Baada ya hapo wanipakie watakavyo.

Alikuwepo. Alikuwa amesimama na fimbo yake, amevaa kitenge cha Idi, na kando yake wale majirani wote, pamoja na yule mama mwenye ulimi.

"Mume gani huyu anahema kama anazaa?" yule mama akauliza.

"Anahema kwa miguu yake," bibi akasema.

Nikataka kupita nikiwa nimeinua mkono, kama mshindi. Nikashindwa. Mtu amepanda mlima ule kwa magoti yale, unampungiaje mkono? Nikasimama, nikaanza kusalimia, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akataka kujua habari za Dar. Gari likatokea kwenye kona.

Bibi akaliona. Akanigusa begani kwa fimbo. "Nenda."

Halafu akaingia katikati ya barabara.

Nilikuwa nimeshaanza kukimbia, lakini nilisikia breki, kisha mlango ukifunguliwa, maana mtu wa kwetu hamsalimii mzee akiwa amekaa kwenye usukani. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wa wapi wewe? Mlola? Mlola kwa nani? Mimi nimezaliwa Mlola." Baada ya hapo sikusikia tena, na gari sikulisikia hadi nilipofika mjini.

Nilimaliza. Waandaaji walikuwa wanakunja hema, na utepe ulikuwa umeshaviringishwa, lakini dada mmoja alinivisha medali na kunipa maji, akanipa pole badala ya hongera.

Nikachukua bodaboda kurudi kwenye ile kona. Majirani walikuwa wameondoka. Bibi alikuwa amekaa kwenye jiwe, kwa sababu kupanda ameweza, lakini kushuka peke yake hawezi. Alikuwa ananisubiri nimshushe. Nikampa mkono. Hatua ya kwanza tu ya mteremko, mapaja yangu yakakataa, nikakaa chini kwenye majani.

Kisha akanipa fimbo.

Tukateremka tumeshikana, hatua moja, tunapumzika, hatua moja. Njiani nikamuuliza, "Bibi, ulilizuia lile gari makusudi?"

"Nizuie gari, mimi? Nilimsalimia tu. Kijana ana adabu yule. Mama yake tulichota naye maji."

"Ulimsalimia kwa muda gani?"

"Kwa muda wa salamu."

Yule mama mwenye ulimi alikuwa shambani kwake, anapalilia. Akajiinua, akatutazama tulivyokuwa tunajikokota.

"Sasa hapo nani anamshusha mwenzake?"

"Usituulize," bibi akamjibu. "Tumetoka kwenye mbio."