Kagwiria Hakuwa Mvivu

Nilitoka Muthara kwenda Embu kwa sababu ya hasira. Mwanangu Kobia alikuwa ameita wazee waje Jumapili wamrudishe mke wake Kagwiria kwao. Ati ni mvivu, analala mchana, miaka tisa na mtoto mmoja tu, Kinya. Jumatatu ya wiki hiyo Kagwiria akaanguka shambani, akatapika mpaka nyongo. Kliniki walimpima malaria na taifodi kama kawaida yao, hawakuona kitu, wakamwekea maji ya mshipani. Nesi mmoja, Karimi, ndiye aliyeniita kando, akaniita cucu kama kwetu wanavyoita bibi mzee. "Cucu, huyu mpeleke Embu. Alhamisi kuna daktari wa homoni." Neno hilo sikulijua. Nilijua tu Jumapili iko karibu.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, tulipanda mbele kwenye pikapu ya jirani yetu Mutembei, anayepeleka maharagwe Embu. Kobia alisimama mlangoni akitafuna miraa. Hata safari njema hakusema.

Nchiru tulikunywa chai kwenye kibanda. Jua lilikuwa limeshapanda, lakini Kagwiria alikuwa na sweta mbili na bado alikishika kikombe kwa mikono yote miwili akitetemeka. Wanafunzi wawili wa chuo walikuwa wanamwangalia.

"Huyu mathe anaenda kupanda Mlima Kenya," mmoja akasema.

Nikamuuliza mama yake anaitwa nani. Kabla hajajibu nikamwambia, "Mpigie simu umwambie leo umemcheka mgonjwa."

Kutoka Chuka mpaka Runyenjes Mutembei hakufunga mdomo. "Cucu, mimi naona hayo ni mapepo. Namjua mchungaji mmoja hapa karibu."

"Breki zako zikikataa unaziombea ama unapeleka gari kwa fundi?"

"Naomba nikiwa kwa fundi."

"Basi na sisi tunaenda kwa fundi. Endesha."

Embu, jioni, Mutembei alipomaliza kushusha maharagwe, tulifikia kwa Wanja, rafiki yangu tuliyeuza naye maharagwe zamani soko la Meru. Alimshika Kagwiria kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha. "Mwanangu, nyusi zako zilienda wapi?"

Nikatazama. Nusu ya nyusi haikuwepo. Miaka tisa nakula na huyu mtoto jiko moja na sikuwa nimeona. Kagwiria akajibu akiangalia sakafu, "Na za kwapani ziliisha, mama. Tangu nimzae Kinya."

Alhamisi asubuhi tulikuwa hospitali. Daktari Wawira ni msichana wa umri wa wajukuu wangu. Hakuanza na taifodi. Aliuliza, "Alipojifungua, damu ilitoka kiasi gani?"

Kagwiria akanigeukia, maana yeye siku hiyo alizimia. Anayejua ni mimi. Nikasema mablanketi niliyafua mara tatu na godoro tulilichoma.

"Na maziwa?"

"Hayakutoka hata tone," Kagwiria akasema.

"Na hedhi?"

"Haikurudi."

Hapa nataka mnisikilize vizuri nyinyi wa nyumbani. Wakati ule nilimpikia uji wa wimbi, njahi, yale maharagwe meusi ya wazazi, na supu ya miguu ya ng'ombe. Maziwa yalipokataa kuja, nilisema anamnyima mtoto kusudi. Nilisema mimi kwanza. Halafu majirani zangu wakasema, Karoki, halafu Nkirote, halafu Gatwiri, na soko lote la Muthara likajua.

Daktari alikunja ngumi kuonyesha ubongo, akaiweka karibu na uso wangu. "Cucu, chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama njegere. Hiyo ndiyo mnyapara. Inatuma homoni kwenye damu, kila moja na ujumbe wake. Moja inaambia matiti yatengeneze maziwa. Nyingine inaamsha tezi ya shingoni, inayoupa mwili joto. Nyingine inaenda kwa tezi zilizo juu ya figo, zinazotufanya tusimame tukiugua. Nyingine kwa mayai ya uzazi. Mwanamke akiwa mjamzito hiyo tezi inakua, inataka damu nyingi. Damu ikimwagika sana, inakufa."

"Na hizo zingine zimekufa pia?"

"Hapana. Ni nzima. Hazijaambiwa kazi."

Hiyo nilielewa. Simu ya broka anayeagiza miraa ikizima, wachumaji wanakaa tu kwenye ua na mikono yao mizima.

Nikauliza mbona miaka yote hii hakuna kliniki iliyouliza habari ya damu, walikuwa wanampa tu vidonge vya kuongeza nguvu. Sauti yangu ilifika nje kwenye foleni. "Swali hilo halihitaji mashine," nikasema. Daktari hakujitetea. "Ni kweli, cucu."

Walimtoa damu, wakamwanzishia dawa siku hiyo hiyo. Ijumaa majibu yakasema vile vile alivyosema daktari. Akaagiza kwanza Kagwiria ameze dawa inayoshika kazi ya tezi za figo, na baada ya siku kadhaa ndipo aongezewe ile ya shingo. Ukianza na ya shingo unaweza kumuua. Akipata homa, ile ya kwanza anameza mara mbili. Kuacha, hata siku moja, hapana.

Jumamosi Mutembei alipoleta mzigo mwingine tulirudi naye. Karibu na Chuka Kagwiria alimwomba afungue dirisha, ati anasikia joto.

Jumapili wazee watatu walikuja. Niliwaita pia Karoki, Nkirote na Gatwiri, nikawapa viti vya mbele. Kobia akaanza kuongea, nikamkatiza. Nikaeleza damu, nikaeleza mnyapara, nikasema ule uongo kwamba alimnyima mtoto maziwa ulitoka kinywani mwangu.

Mzee M'Ikiara akakohoa. "Sasa tumrudishe nani?"

Kobia akauliza kama atazaa tena. Nikamwambia, "Muulize mwenyewe, si yuko hapa." Hakuuliza. Wazee walikunywa chai wakaenda, na Kagwiria akabaki kwake.

Baada ya wiki tatu alinikuta jikoni. Alikuwa amebeba kuni mwenyewe, bila sweta. Aliziangusha chini.

"Ulisema nimemnyima mtoto wangu maziwa. Nilikuwa nimelala nyuma ya ukuta huo, mama. Nilikusikia."

Akasema na mengine, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Kinya azaliwe. Nilikuwa nadhani ananyamaza kwa sababu ni mpole. Kumbe hata kukasirika kunataka nguvu, na mwili wake haukuwa nayo. Nikakaa kwenye kigoda nikasikiliza, na hakumaliza haraka.