Muuza Samaki Adai Namba Yake

Muuza samaki kutoka Isangi huingia ofisi ya malalamiko ya simu hapa Makiso bila hodi, mikono ikinuka moshi, na huketi kabla ya kukaribishwa. Kampuni ilimpa mtu mwingine namba yake, namba pekee ambayo binti yake aliyepotea vitani ameihifadhi kichwani.

Leo karani alimwambia, "Bon, mama, ununue namba ingine."

"Na mutoto yangu atapigia nani?"

Karani akaandika, kisha akamsomea: mama huyu anaomba asaidiwe. Mama akaweka kiganja chake kipana juu ya karatasi.

"Mi siombi. Futa. Andika: anadai."

Karani akafuta. Nasi tuliokuwa tukingoja benchini, tulipoitwa mmoja mmoja, tukadai.