Utambi wa Otatsu

Zamani watawa wa kike wa milima ya Kumano walituletea Jahanamu ndani ya sanduku. Siku hizi wanatuletea nyimbo za mapenzi na nyuso zilizopakwa poda.

Mtawa wetu aliitwa Myosei. Kila masika alitoa sandukuni mchoro wake wa Jahanamu, akautundika kwenye ua wa hekalu, akawaonyesha wanawake kwa unyoya mrefu: huku mizani ya dhambi, kule ziwa la damu, pale watoto wafu wakipanga mawe mtoni. Wanaume tulisikiliza tukiwa tumeegemea ukuta. Pembe moja ya chini aliifunika daima kwa mkono wa joho lake.

"Hapo panya wamekula," alisema mwaka ule, kama kila mwaka.

"Panya gani huyo mwenye adabu, asiyekula pengine?" mama yangu alimjibu. "Ondoa mkono, mtawa. Nina mkaza mwana hapa, mwaka wa tisa huu, hata kuku wangu kamshinda. Naye aone makazi yake."

Wanawake walicheka. Mke wangu, Otatsu, hakucheka.

"Onyesha tu, mama mtawa," alisema. "Nimechoka kukisia."

Myosei alinitazama. Neno langu moja lingemnyamazisha mama. Nikatazama viatu vyangu vya majani. Akaondoa mkono.

Walikuwapo wanawake wasiozaa, wamepiga magoti, wakichimbua mizizi ya mianzi kwa tambi za taa, zile laini zisizoweza kuchimba hata vumbi.

Asubuhi taa yetu haikuwa na utambi. Nilimkuta Otatsu nyuma ya nyumba, kwenye mianzi, anachimba.

"Unafanya nini?"

"Nazoea."

"Rudi ndani, watu watakuona."

Ndilo pekee nililopata kumwambia. Uzeeni nimejifundisha kusoma, nimepekua maandiko yote ya hekalu letu. Adhabu ile sijaiona popote. Nimwambie nani sasa?

Aliyemwendea ni Myosei. Alikuja na utambi wake, akapiga magoti kando yake.

"Mimi nami sikuzaa, mwanangu," alisema. "Sogea kidogo."

Walichimba mpaka mchana, hawakupata hata mzizi mmoja, na nilimsikia mke wangu akicheka.

Mara ya mwisho niliwaona darajani, siku ya tatu. Myosei alitangulia na unyoya wake. Otatsu alifuata, kichwa kimenyolewa, sanduku la Jahanamu mgongoni. Nilimwita mara moja, si kwa sauti kubwa. Mto ulikuwa umejaa, labda hakusikia.