Ng'ombe Wanaokufa Desemba

Baba yangu mdogo aliwahi kupanga mizigo katika duka moja mjini Mpanda, na humo ndimo alimojifunzia ujinga wake mkubwa: kwamba mwaka ukiisha lazima watu wafunge milango na kuhesabu mali. Mwenye duka alikuwa na mali. Yeye alikuwa na redio, viatu vya kuchongoka na mdomo. Hata hivyo kila Desemba alikuja kwetu Kasokola na baiskeli yake, akadai kiti chenye mgongo, akatuketisha mimi na mama yangu kwenye mkeka, kisha akatangaza kwamba anafunga hesabu za mwaka.

Hesabu zenyewe zilikuwa za ng'ombe, tena ng'ombe wa watu. Baba yangu, kabla hajafa, alisema mbele ya wazee kwamba majike wanne ni wa kunisomesha mimi. Alikuwa amewaweka kwa Msukuma mwenzetu aliyehamia kijiji cha Mamba, kama ilivyo desturi ya kwetu: ng'ombe huwarundiki zizi moja. Unawagawa kwa watu, wao wanakunywa maziwa, na wewe ugonjwa ukiingia zizini kwako hutabaki mikono mitupu. Kazi ya kuwafuatilia wale wa Mamba akapewa baba mdogo, kwa sababu ndiye aliyekuwa na baiskeli. Fisi alikabidhiwa bucha, na watu wazima na ndevu zao wakapiga makofi.

Naye alikuwa na ng'ombe wake kwa jamaa huyohuyo. Sasa sikia maajabu ya Mamba. Wake walizaa, wangu walikufa. Mwaka wa kwanza mmoja wangu aliumwa na nyoka, mmoja wake akazaa. Mwaka uliofuata wangu alinasa kwenye tope la mashamba ya mpunga akafia hapo, wake wawili wakazaa. Wa tatu aliuawa na ugonjwa ambao baba mdogo alishindwa hata kuutaja, akasema tu ni wa kisasa. Haya yote aliyasema kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni, huku anatafuna karanga zetu. Nilianza kumdharau nikiwa darasa la tano, na mpaka leo sijaona sababu ya kuacha.

Nilipomaliza la saba nikachaguliwa kwenda sekondari. Wasichana tuliochaguliwa tulikuwa wa kutafuta kwa tochi. Nilitakiwa kuripoti Januari na ada, godoro na sanduku la bati. Ng'ombe wangu alikuwa amebaki mmoja, jike jeusi lenye tumbo jeupe, na huyo akiuzwa alitosha kwa yote. Mama alishaongea na mnunuzi. Nililala nikiota sare.

Desemba hiyo baba mdogo akaja, akakaa, akakohoa, akasema yule mweusi naye amekufa. Hesabu imefungwa, akasema, tumshukuru Mungu kwa waliobaki. Waliobaki walikuwa wake wote.

Kwetu ng'ombe uliyemweka kwa mtu akifa, anayemtunza anamchuna, na ngozi inarudi kwa mwenye mali. Hiyo ndiyo risiti yetu. Miaka yote ile ngozi zangu zilikuwa zinaliwa na fisi, eti, na mama alinyamaza kwa sababu mjane anatakiwa anyamaze. Safari hii hakunyamaza. Alimwambia hataamini kifo chochote mpaka aione ngozi.

Baba mdogo akapanda baiskeli kwa hasira, na baada ya siku kadhaa akarudi na ngozi kavu imefungwa nyuma kwa mpira. Nyeusi, tumbo jeupe. Rangi alihangaika kuitafuta, tusimnyime sifa yake. Lakini mtu aliyezaliwa zizini alikuwa ameonja mji miaka michache tu na kusahau kwamba ng'ombe si rangi peke yake. Mama aliitandaza uani, akapitisha mkono upande wa tumbo, taratibu, kisha akainua uso.

"Shemeji, huyu mimi nilimkamua kwa mikono yangu hii," akasema. "Alianza lini kuwa dume?"

Kesi ikaenda kwa wazee. Walikaa siku nzima wakishindana kusema maneno mazito, kila mmoja akiikumbuka sauti ya marehemu kuliko mwenzake. Mwisho wakamtia hatiani, na faini yake ikawa ng'ombe mmoja, aletwe, achinjwe, aliwe na kikao. Kuhusu shule yangu walisema itaangaliwa kwenye hesabu za mwaka ujao. Wazee hao! Shule ilikuwa inafunguliwa baada ya wiki mbili.

Faini ililetwa Krismasi ikiwa imepita. Tulipotoka nje kuitazama, aliyefungwa kamba pale alikuwa mweusi, tumbo jeupe, na kiwele chake kinaning'inia. Alikuwa mzima, amenenepa, anacheua. Mama alimwita kwa jina alilokuwa akimwitia zamani wakati wa kukamua, na yule ng'ombe akageuza kichwa. Wote waliona.

Mama akasimama kati ya ng'ombe na mwenye kisu. Akasema huyu ndiye aliyekufa, huyu ndiye ada ya mtoto, msimchinje, muuzeni. Baba mdogo, hana hata chembe ya haya, akajibu kwamba huyo alishaondolewa kwenye hesabu, na hesabu ikifungwa haifunguliwi. Nikamwangalia mzee aliyeongoza kikao. Alikuwa anafikiri, na macho yake yalikuwa kwenye paja la ng'ombe.

"Kama alikufa, basi hana mwenyewe," akasema. "Nyie, washeni moto."

Mama aliingia ndani akafunga mlango, na nyama waliyompelekea hakuigusa. Mimi nilibaki uani. Niliposogezewa sahani nilikula, nikaomba tena, na baba mdogo akacheka, akasema mtoto huyu ana njaa. Sikuwa na njaa. Ile ndiyo sekondari pekee niliyowahi kuipata, na sikutaka kuwaachia hata mfupa.